Simu ya Upepo Niliyoichagua Chang'ombe

Tulimzika Desideri Jumatano alasiri, na padri akasema mbele ya jeneza kwamba marehemu alikuwa karani ambaye kalamu yake haikuwahi kuandika uongo. Nilikuwa nyuma, nimeegemea mkongojo, na watu wawili wakageuka kunitazama kwa sababu nilikohoa vibaya, kama mtu aliyepaliwa. Sikukohoa kusudi. Maneno yale yalinikumbusha mwaka mmoja ambao mimi na Desideri hatukuuzungumza tena, ingawa tulijuana miaka zaidi ya thelathini, tukasimamiana ubatizo wa watoto na kuazimana majembe. Sasa nimebaki peke yangu ninayejua mwaka ule ulivyokuwa. Wanangu wananihimiza niandike habari za vita, za mvua ya Burma na Wajapani. Wanadhani huko ndiko nilikokutana na kifo. Niliwaona wengi waliokufa huko, kweli, lakini hakuna hata mmoja aliyekufa kwa neno langu. Yule wa neno langu alikufa hapa hapa, nyuma ya Msasani, saa nne asubuhi, jua linawaka, nami nimevaa shati jipya la kaki.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, na nilikuwa nimerudi na koti la jeshi, viatu imara, na ujuzi mmoja ambao hakuna mtu mjini aliyeuhitaji: kule Burma nilifundishwa kutumia simu ya upepo, ile isiyo na waya, unayoishika mkononi na kuzungumza na mwenzako aliye ng'ambo ya kilima. Kazi niliyoipata Dar es Salaam haikutaka ujuzi wowote. Ilikuwa kuvunja mawe kwa nyundo katika machimbo ya kampuni moja, nyuma ya Msasani, mawe yaliyokwenda kujengea barabara. Nilipanga chumba Kinondoni, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia, ukumbi katikati, na uani kisima na mafiga ya kila mpangaji. Kuta hazikufika juu. Mtu akikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha mwisho alimwambia pole.

Katika chumba kilichotazamana na changu walikaa Hamisi Likunde na mkewe Somoe, watu wa kusini, kutoka bara ya Lindi, pamoja na binti yao mdogo aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea. Hamisi tulifanya kazi pamoja machimboni, ila yeye hakushika nyundo. Alikuwa mmoja wa washika bendera wawili. Kabla ya baruti kuwashwa, mmoja alisimama ukingoni mwa shimo, mwingine alikwenda nyuma ya kilima, kwenye kinjia walikopita wanawake wenye kuni na watu wa kwenda Msasani. Yule wa nyuma akiona njia nyeupe, yaani haina mtu, alipuliza filimbi na kupunga bendera. Wa ukingoni akaipokea ishara. Ndipo utambi ukawashwa. Hamisi ndiye aliyekuwa wa nyuma. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na mikono isiyotulia. Akikaa alikuwa anachonga, mwiko au kichana, na vichana vyake nusu ya wanawake wa Kinondoni walikuwa navyo kichwani.

Mimi sikuwa na mke, na Somoe hakukubali nipike. "Shemeji, weka hicho kisufuria chini, usitutie aibu," alisema jioni ya kwanza tu, akanisogezea sinia. Nilikula kwao kisamvu cha nazi, dagaa wa kukaanga, na mgeni akitoka kwao na kifurushi, ming'oko ya kuchemsha, viazi vya porini vya kwao, ambayo Hamisi aliimenya taratibu kama anamvua mtoto nguo. Nilikuwa Mkristo wa bara, na mwezi wa Ramadhani nilifuturu kuliko waliofunga. Kisha nilirudi chumbani kwangu, nikajinyoosha, na juu ya ukuta sauti zao zilinijia bila mimi kuziomba. "Yule Anselm," Hamisi alikuwa akimwambia mkewe, "mtazame hivyo hivyo. Wazungu walikuwa wanamngoja yeye aseme, ndiyo wapige mizinga." "Mwongo wewe." "Haki ya Mungu! Amesikia watu walio mbali kama hapa na Ubungo, wanaongea sikioni mwake." Sikuwa nimemwambia hivyo hasa. Nilikuwa nimeongeza. Lakini nilipoyasikia kutoka kinywani mwake niliyaona ni kweli, nikatabasamu gizani. Mtu huharibika kwa vitu vitamu kama hivyo.

Upepo wa bahari ulikuwa unameza filimbi. Siku moja filimbi ya pili, ya kuwazuia wawashaji, haikusikika, baruti ikalipuka wakati mtu wa Msasani yuko kinjiani na kapu lake la samaki. Hakuumia, ila alikuja ofisini na kapu tupu. Meneja wetu, Mzungu mfupi tuliyemwita Bwana tu, akatoka barazani akauliza ni nani kati yetu aliyetumia simu ya upepo jeshini. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Alikuwa amesikia kwamba Chang'ombe kuna ghala linalouza vitu vikuukuu vya jeshi, na simu za mkononi zimo. Akaniagiza nikachague mbili, nijaribu, nirudi nazo kabla ya Jumamosi. Zikifanya kazi, mimi ningekaa nazo: ningetua nyundo, ningepewa shati la kaki, na ningekuwa mtu wa simu. Desideri, karani wetu, kijana wa umri wangu aliyevaa tai hata kwenye vumbi lile, alimhakikishia Bwana kwamba nafaa, kisha akanivuta pembeni. "Ndugu yangu, sikiliza. Ukirudi mikono mitupu, Bwana atasema Waafrika hawa wanajisifu tu. Na wewe utarudi kwenye nyundo mpaka uote kibyongo." Hakuwa ananitisha. Alikuwa ananieleza tu mambo yalivyo, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilikwenda na Hamisi, maana simu moja haijaribiwi. Lazima awepo mtu upande wa pili. Ghala lilikuwa la bati, limejaa mahema, ndoo za turubai, na harufu ya mafuta ya bunduki iliyonirudisha Burma kwa pumzi moja. Mwenye ghala, mzee wa Kihindi mwenye kofia nyeupe aliyeitwa Rajabali, alitufungulia sanduku. Zilikuwamo simu tano, kila moja ndefu kama mkono kutoka kiganjani mpaka kiwiko. Nikazishika moja moja. Simu ya namna ile ukivuta fimbo yake ya chuma juu, inawaka, ukibonyeza kitufe cha ubavuni, unasema, ukikiachia, unasikia. Huwezi kusema na kusikia kwa pamoja. Na ndani mna kijiwe chembamba kinachoamua sauti ipite njia gani. Simu mbili zisipokuwa na vijiwe vya namna moja, ni sawa na viziwi wawili. Mbili zilikuwa zimeliwa na kutu ndani. Katika tatu zilizobaki, vijiwe vya mbili tu ndivyo vilivyofanana. Moja ilikuwa imekwaruzwa yote, rangi imetoka, lakini nilipoifungua ilikuwa safi kama sahani. Nyingine ilikuwa na rangi yake ya kijani inang'aa utadhani imetoka kiwandani juzi.

Hamisi aliichukua hiyo ya kijani, akaenda nayo mpaka ng'ambo ya uwanja, nyuma ya ghala la jirani. "Hamisi, wanisikia?" Kicheko kikubwa sikioni mwangu. "Ee Mola! Anselm, umo humu!" Tukaongea. Alinitajia alichokiona: mbuzi watatu, mwanamke anaanika kanga. Nikamwambia aendelee kusogea, naye akasogea. Halafu nikamwita akawa hajibu. Nilimsikia anapumua, namsikia anavyoimba kidogo puani, lakini nikimwita hajibu. Nikatembea mpaka alipo. Alikuwa amesimama, kidole chake hakiko kwenye kitufe, na kitufe kimezama ndani, kimenasa. Simu ilikuwa bado inasema wakati mwenyewe anadhani anasikiliza. Niliigonga kwa kiganja, kitufe kikaruka. Nikakibonyeza tena mara kumi, kikaenda na kurudi vizuri. Mara ya kumi na moja kikanasa tena.

"Nini?" Hamisi aliuliza.

"Hamna. Ni vumbi."

Mzee Rajabali alikuwa ametufuata, mikono nyuma. Alikuwa ameona. "Kijana," aliniambia, "hiyo mimi sikuuzii kwa moyo mweupe. Ngoja wiki mbili, sanduku jingine linakuja kutoka Mombasa. Mwambie bwana wako angoje." Mwuzaji ndiye aliyenikataza, na mimi mnunuzi ndiye niliyemshawishi. Nilimwambia nilitengeneza zilizo mbovu kuliko hii nikiwa ndani ya handaki, mvua inanipiga. Akaniangalia, akainua mabega. Njiani Hamisi alikuwa ameipakata simu ile ya kijani kama mtoto wa kuazima. "Hii ni nzima kabisa, siyo?" aliuliza. "Isiwe ya kuniaibisha." Nikasema, "Nzima." Neno moja. Nimeishi miaka mingi, nimesema maneno mengi ya kijinga, lakini hilo nikilikumbuka nasikia hata sauti niliyolisemea, ile ya mtu mzima anayemtuliza mdogo wake. Na nilipokwenda kuzigawa, nilimwachia yeye ile ya kijani kwa kuwa aliipenda, na kwa kuwa, nilijiambia, mtu wa nyuma ya kilima kazi yake ni kusema zaidi kuliko kusikia.

Jioni ya siku niliyopewa shati, Somoe alichinja kuku. Alimvisha binti yake gauni la sikukuu, akaniambia, "Shemeji, tangu leo huyu mume wangu nikimtaka kuja kula nitakupigia wewe simu." Tulicheka. Nilivaa shati langu la kaki mezani, ingawa meza yenyewe ilikuwa mkeka.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri, na hilo ndilo lililoniponza. Bwana alifurahi. Bendera zilifungiwa stoo, na mshika bendera wa pili akapewa nyundo, maana simu zilitosha. Hamisi aliniambia mara mbili kwamba kitufe chake kizito. Mara ya kwanza nilikipaka mafuta ya nazi, na vumbi la mawe likaganda juu yake likawa kama ulimbo. Mara ya pili nilimwambia, "Ukiona kimya, kigonge." Ningeweza kwenda ofisini kusema, "Bwana, simu hii mbovu, turudishe bendera mpaka tupate nyingine." Ilikuwa hatua arobaini kutoka shimoni mpaka barazani. Lakini Bwana angeuliza ni nani aliyeichagua.

Siku yenyewe walikuja wageni, Wazungu wanne wa serikali waliotaka kuona namna mawe ya barabara yao yanavyopatikana. Walisimama nyuma ya ukuta wa magogo pamoja na Bwana, na mimi pembeni yao na simu yangu. Desideri alikuwepo na daftari. Fundi baruti alikuwa tayari na utambi. Hamisi akasema, "Njia nyeupe." Nikajibu, "Sawa. Tunawasha, jifiche." Utaratibu wetu ulikuwa kwamba anijibu, "Nimejificha," ndipo ninyooshe mkono. Hakujibu. Nilisikia upepo. Nilisikia pumzi yake, na mguu wake unakanyaga changarawe. Nilijua palepale ni nini. Sikudhani, nilijua, kama mtu anavyojua sauti ya mlango wa nyumbani kwao. Nikaita tena. Nikaita mara ya tatu. Mgeni mmoja alitazama saa yake, akasema kitu kwa Kiingereza, wenzake wakacheka kidogo.

"Vipi, Anselm?" Bwana aliuliza. "Mashine yako imelala?"

Ningesema, ndiyo, imelala. Badala yake nilifikiri: ameshasema njia nyeupe, mahali pa kujificha ni hatua kumi, Hamisi si mtoto. Nikasema, "Tayari, Bwana." Nikanyoosha mkono.

Utambi ulikuwa umekwishawashwa, fundi anakimbilia kwetu, ndipo sauti ya Hamisi ilipoanza kusema sikioni mwangu, taratibu, bila wasiwasi. "Anselm, mbona hunijibu? Ngojeni kwanza, kuna bibi katokea na kuni. Nampitisha. Msiwashe." Nilibonyeza kitufe changu nikapiga kelele, nikaita jina lake, nikasema jifiche, jifiche, na wageni wakanitazama kama mwendawazimu. Niliachia kitufe kusikiliza, nikamsikia yeye anaongea na mtu mwingine. "Shikamoo bibi. Haraka kidogo, mama yangu. Nipe huo mzigo." Na sauti ya kizee: "Taratibu mwanangu, miguu yenyewe hii." "Haya, pitia huku. Bado hawajawasha." Niliruka ukuta wa magogo. Fundi baruti alinidaka kiunoni akaniangusha, akanilalia. Simu ilikuwa imebaki sikioni mwangu. Niliusikia mlipuko mara mbili, mmoja hewani na mwingine ndani ya simu, halafu simu ikanyamaza.

Bibi yule alipona. Hamisi alikuwa ameuona moshi unapanda, akamsukuma nyuma ya jiwe kubwa, mwenyewe hakuwahi. Tulimkuta amelala kifudifudi juu ya kuni. Lori lilimchukua kwenda hospitali, na kabla halijafika barabara kuu alikuwa amekata roho, kichwa chake kiko juu ya mapaja yangu, shati langu la kaki limelowa.

Desideri ndiye aliyeiokota simu ya kijani. Nilimwona. Kitufe kilikuwa kimezama. Alikitazama, akakigonga kwa kidole gumba, kikaruka. Akanitazama mimi. Siku ya pili aliniita ofisini, akafunga mlango. "Nimeambiwa niandike ripoti," alisema. "Anselm, simu ilikuwa na kasoro?" Nilitazama mlango aliokuwa ameufunga. Akasema, "Ikiwa na kasoro, aliyeichagua ni wewe, na aliyesema tayari ni wewe, na mimi ndiye niliyekupendekeza. Watakupeleka jela, na mimi nitarudi kwetu kulima. Hamisi hatarudi kwa lolote kati ya hayo." Kalamu yake ilikuwa inangoja. Nikasema, "Ilikuwa nzima." Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba marehemu, baada ya kutangaza njia nyeupe, alimruhusu mtu kuingia bila kutoa taarifa, na hakujificha kama alivyoagizwa, kwamba kifo kilitokana na uzembe wake mwenyewe. Ripoti ilisomwa barazani mbele ya wafanyakazi wote. Neno lile, mzembe, lilifika Kinondoni kabla yangu. Mjane wa mzembe hana haki yoyote kwa kampuni, na wenye nyumba husikia haraka mambo ya namna hiyo. Somoe alihamia Temeke kwa mjomba wake kukaa eda.

Mwezi uliofuata Bwana alinituma tena Chang'ombe. Nilikaa ghalani siku nzima, nikafungua simu kumi na mbili, nikabonyeza kila kitufe mara mia nikihesabu kwa sauti, nikazikataa kumi. Mzee Rajabali alinitazama kutoka kwenye kiti chake. Nilipokuwa natoka alisema tu, "Leo umechagua." Simu zile mbili zilifanya kazi miaka mitatu bila kunyamaza hata mara moja. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote: kwamba nilijua kazi yangu.

Eda ilipokwisha nilisikia Somoe anarudi kwao. Nilikwenda Temeke asubuhi. Alikuwa uani, anafunga mizigo kwa kamba ya katani, mtoto amelala kwenye mkeka. Alinikaribisha, akanipa uji, kama vile hakuna kilichotokea. Sikuweza kuunywa.

"Shemeji," nikasema, "ile simu ilikuwa mbovu. Nilijua tangu siku ya kuichagua."

Aliendelea kukaza fundo. "Na siku ile, kabla hawajawasha?"

"Nilijua."

"Ulijua." Alikaa kitako. Nilingoja alie au anipige. Nadhani ndicho nilichokifuata. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Wewe tu."

"Basi bado hujasema," alisema Somoe. "Mie nilikuwa najua mume wangu si mzembe. Hukuwa na haja ya kutembea kutoka Kinondoni kuja kuniambia. Umeniletea mzigo wako ili upate usingizi, na mie mizigo yangu hii hapa, unaiona. Waliomwita mzembe wapo, mahali wanapokaa unapajua. Nenda kawaambie. Ukishawaambia, niandikie Lindi, nitatafuta mtu anisomee." Akainuka, akachukua bakuli la uji mbele yangu, akaumwaga kwenye mafiga, moto ukafoka. "Hamisi alikuwa anakupenda," akasema, bila kunitazama.

Nilikwenda. Nataka ijulikane kwamba nilikwenda. Nilitembea kutoka Temeke, nikapita mjini, nikapita Kinondoni bila kuingia nyumbani, nikafika machimboni adhuhuri. Desideri aliniona naja kwa mbali. Aliweka kalamu chini. Nilimpita. Mlango wa Bwana ulikuwa wazi. Alikuwa anakula embe kwa kisu na uma.

"Vipi, Anselm?"

Nilisimama pale, jasho linanitiririka. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, nilikuwa nayo yote mdomoni.

"Betri zinaisha, Bwana," nikasema. "Naomba nyingine."

Akafuta vidole, akaniandikia kibali. Barua ya Lindi sikuiandika mwaka ule, wala miaka iliyofuata. Na miaka mingi baadaye nilipoletewa habari kwamba Somoe amefariki, kabla sijasema poleni, kabla sijavua kofia, jambo la kwanza lililonipitia moyoni lilikuwa shukrani, kwamba hakuna tena anayeingoja.